Kesoni: Kasha Lililo Chini ya Daraja

Ndugu Mwenyekiti, wahandisi wenzangu, mabaharia, walimu, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkasimama huko nyuma, nawasalimu nyote.

Nimepewa neno moja la kulizungumzia, nalo ni kesoni. Waandaaji wamenifanyia hisani kubwa, maana ni nadra watu wa meli na watu wa madaraja kuketi ukumbi mmoja, na hili ni neno ambalo kila upande hudhani ni lake peke yake. Mtajie baharia kesoni, atafikiria lango la gudi. Mtajie mjenzi wa madaraja, atafikiria msingi wa nguzo uliozama matopeni. Askari wa mizinga atakuambia habari za mkokoteni wa baruti, na daktari wa wapiga mbizi atakutajia ugonjwa. Kila mmoja wao yuko sahihi, kwa sababu wote wanazungumzia kasha.

Nasema kasha kwa makusudi. Kilatini kilikuwa na neno capsa, yaani sanduku la kuhifadhia vitu, lililotokana na kitenzi capere, kushika au kuchukua. Neno hilo likasambaa katika lugha zilizozaliwa na Kilatini: Waitaliano wakasema cassa, Wafaransa caisse, Wareno caixa. Wareno walipokuja katika pwani ya Afrika Mashariki, caixa yao ikaingia katika Kiswahili, tukaitamka kasha. Upande wa pili, Waitaliano walikuwa na cassone, kasha kubwa, na Wafaransa wakawa na caisson. Waingereza wakaichukua caisson kama ilivyo katika karne ya 18, na kupitia vitabu vyao vya ufundi ikatufikia sisi kama kesoni. Kwa hiyo mjukuu wa capsa alitufikia mara mbili, kwa njia mbili, na tukampokea bila kujua kwamba ni yule yule. Ukoo wenyewe ni mpana kuliko hapo. Keshi tunayoiulizia dukani ilianza kama jina la sanduku la fedha, na kapsuli ya dawa ni capsula, kisanduku kidogo.

Maana za kijeshi na za majengo nitazipitia haraka. Jeshini, kesoni lilikuwa sanduku la risasi na baruti, halafu gari la kukokotwa na farasi lililobeba masanduku hayo. Huko Marekani gari la aina hiyo bado hubeba majeneza ya wanajeshi katika makaburi ya Arlington. Kwa wasanifu majengo, kesoni ni vile vishimo vya mraba vinavyopamba dari. Yatosha. Twende majini.

Kwa mabaharia, kesoni iliyo maarufu ni lango la gudi. Gudi ni lile shimo kubwa la kujengea au kukarabatia meli, ambalo meli huingia ikielea, kisha maji hutolewa ili mafundi waufikie mkuku, yaani uti wa chini wa meli. Shida ni mlango. Milango ya bawaba ni mizito, huvuja, na hula nafasi. Mwishoni mwa karne ya 18 Samuel Bentham, aliyekuwa akisimamia kazi za ufundi za jeshi la majini la Uingereza, alileta katika magudi ya Portsmouth lango linaloelea. Ni kasha lenye umbo linalokaribia la meli. Hukokotwa hadi kwenye mdomo wa gudi, likaingizwa kwenye mfereji uliochongwa kwenye kuta, kisha maji huruhusiwa kuingia tumboni mwake, nalo huzama na kukaa sawasawa. Gudi ikishakauka, maji ya bahari yaliyobaki nje hulisukuma lango kwa nguvu, na msukumo huo ndio unaoziba nyufa. Ukitaka kufungua, gudi hujazwa maji tena, kasha hupigwa pampu, huelea, huvutwa pembeni. Mpaka leo magudi mengi duniani hufungwa kwa mtindo huu, nami sijaona mlango wa werevu zaidi ya huo.

Angalieni kanuni iliyomo humo, maana ndiyo itakayotupeleka kwenye madaraja: kasha linaloelea unapotaka lielee, na kuzama unapotaka lizame. Mjenzi wa daraja ana mto mbele yake. Nguzo lazima isimame katikati ya mto, juu ya ardhi ngumu, na ardhi hiyo iko chini ya maji, chini ya mchanga, chini ya matope. Atajengaje mahali ambapo hata hawezi kusimama?

Charles Labelye, mhandisi aliyezaliwa Uswisi, alijibu swali hilo alipojenga Daraja la Westminster juu ya mto Thames, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1730 na daraja likafunguliwa mwaka 1750. Aliunda makasha makubwa ya mbao yasiyo na kifuniko, akayaelekeza mahali pa nguzo, mawe yakaanza kujengwa ndani yake kwenye ukavu, na uzito wa mawe ukalizamisha kasha mpaka likakaa juu ya sakafu ya mto. Kisha kuta za mbao zikaondolewa zitumike tena, sakafu ikabaki chini ya nguzo. Ulikuwa ufundi wa kupendeza, lakini kasha lilikalia changarawe tu, bila kuchimba chini zaidi. Kabla daraja halijafunguliwa, nguzo moja ilititia na kazi ikacheleweshwa kwa miaka. Daraja hilo liliendelea kusumbua mpaka likabomolewa na kujengwa jipya, hili lililofunguliwa mwaka 1862.

Funzo la Westminster ni kwamba haitoshi kukalisha kasha juu ya mchanga. Lazima mtu aingie ndani yake na kuchimba. Hapo ndipo hadithi yetu inapobadilika.

Chukueni bilauri tupu, muifudikize, muisukume wima ndani ya ndoo ya maji. Maji hayaijazi, kwa sababu hewa iliyomo haina pa kutokea. Lakini ukizidi kushuka, maji hupanda kidogo ndani, maana kina kinaibana ile hewa. Ili maji yasipande kabisa, itakubidi upulize hewa zaidi ndani, yenye nguvu sawa na ya maji. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaokaribia sawa na ule wa angahewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kesoni ya hewa ndiyo bilauri hiyo: kasha lisilo na sakafu, lililofudikizwa juu ya matope, na mashine juu zinalipulizia hewa bila kukoma. Watu wako ndani, wanachimba ardhi waliyoikanyaga. Juu ya dari yao waashi wanajenga nguzo ya mawe. Kadiri wanavyochimba ndivyo kasha linavyoshuka, na kadiri mawe yanavyoongezeka ndivyo uzito unavyolisukuma. Likifika kwenye ardhi ngumu, watu hutoka, na tumbo la kasha hujazwa zege. Halitolewi tena.

Aliyeanzisha kazi hii alikuwa mhandisi wa migodi wa Ufaransa, Jacques Triger. Kati ya mwaka 1839 na 1841, karibu na mji wa Chalonnes kwenye mto Loire, alitaka kufikia makaa ya mawe yaliyokuwa chini ya takriban mita 20 za mchanga uliojaa maji. Akazamisha bomba la chuma, akasukumia hewa ndani, na juu yake akaweka chumba kidogo chenye milango miwili isiyofunguliwa kwa wakati mmoja, ili watu waingie na kutoka bila hewa kukimbia. Alikuwa mtu makini wa kuandika. Aliandika kwamba hewa ikishindiliwa kiasi cha kutosha hakuna mtu anayeweza kupiga mluzi, na kwamba wafanyakazi wawili, baada ya kukaa ndani kwa saa nyingi, walipatwa na maumivu makali ya viungo. Yalianza walipokwisha kutoka nje, wakiwa wazima.

Mwaka 1854 madaktari wawili Wafaransa, Pol na Watelle, waliokuwa wakiwaangalia wachimbaji wa namna hiyo, walisema maneno ambayo mimi huwasomea wanafunzi wangu kabla ya hesabu yoyote: malipo hulipwa wakati wa kutoka tu. Kuingia hakukuwa na madhara. Kufanya kazi chini hakukuwa na madhara ya kuonekana. Mtu alitoka akivuta hewa safi, akawasha kiko chake, akaelekea nyumbani, na ndipo miguu ikamlegea.

Njia ya Triger ilihamia kwenye madaraja, kule Rochester na Saltash nchini Uingereza, kisha ikavuka Atlantiki. Mjini St. Louis, James Buchanan Eads alikuwa anajenga daraja la chuma juu ya mto Mississippi. Eads aliujua mto huo kuliko wahandisi wa vyuoni, maana ujana wake aliutumia kuopoa mali za meli zilizozama, akishuka chini kwa kengele ya kuzamia, yaani chombo kilichofudikizwa chenye hewa ndani yake. Aliona kwa macho yake jinsi mafuriko yanavyokokota mchanga wa sakafuni, akakataa kata kata kujenga juu ya chochote kisichokuwa mwamba. Nguzo ya mashariki ilimpeleka mita 28 na zaidi chini ya maji. Mwezi Machi 1870 wafanyakazi wakaanza kufa. Walivishwa mikanda ya zinki na fedha viunoni, mikononi na miguuni kwa imani kwamba ingewakinga, nao waliivaa kwa bidii, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kitu bora cha kuwapa. Daktari wa kazi hiyo, Alphonse Jaminet, alishuka mwenyewe akakaa chini saa mbili na zaidi, akatolewa kwa dakika tatu na nusu. Jioni hiyo hiyo alipooza nyumbani kwake. Alipona, akafupisha zamu na kuamuru mapumziko. Daraja lilifunguliwa tarehe 4 Julai 1874, na linatumika hadi leo. Zaidi ya wafanyakazi kumi walikufa kwa ugonjwa huo.

Sasa New York, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Daraja la Brooklyn lilibuniwa na John Roebling. Mwaka 1869 mguu wake ulipondwa na kivuko wakati akipima eneo, akafa kwa pepopunda kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mwanawe Washington Roebling akaichukua kazi akiwa na umri wa miaka 32. Kesoni ya upande wa Brooklyn ilishushwa majini mwezi Machi 1870, kama meli inavyoshushwa kutoka kwenye karakana yake. Ilikuwa ya mbao, urefu mita 51, upana mita 31, dari yenye unene wa zaidi ya mita 4 za boriti zilizopangwa kwa kupishana. Ilikokotwa na boti za kuvuta mpaka mahali pake. Mabaharia, ile ilikuwa kazi yenu kabla haijawa yetu.

Fikirini mtu anayeanza zamu. Anashuka ndani ya silinda ya chuma juu ya dari. Mlango wa juu unafungwa. Vali inafunguliwa, hewa inaingia kwa kelele, masikio yanauma mpaka ajifunze kubana pua na kupuliza. Joto linapanda. Kisha mlango wa chini unaachia wenyewe, kwa kuwa mgandamizo umelingana, naye anashuka ngazi hadi kwenye chumba chenye kimo cha mita 3 hivi, kilichogawanywa kwa kuta za mbao zilizopakwa chokaa ili mwanga uenee. Sauti yake imekuwa nyembamba kama ya mtoto. Akizima mshumaa, utambi unajiwasha tena, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa ina oksijeni nyingi mno kwa moto mdogo kufa. Chini ya buti zake kuna tope na majabali. Makali ya kasha yamekalia jabali, na lazima livunjwe, kwa nyundo na baadaye kwa baruti, ambayo Roebling alianza kwa kujaribu risasi za bastola kwanza aone kama hewa ile ingestahimili. Mwezi Desemba 1870 moto ulijipenyeza ndani ya boriti za dari, ukala mbao kimya kimya ambako maji hayakuweza kuufikia. Mwishowe ikabidi kasha zima lijazwe maji. Roebling alikesha humo akipambana nao, akatolewa akiwa hajiwezi.

Upande wa New York, yaani Manhattan, ardhi ngumu ilikuwa mbali zaidi. Kesoni ilipozidi kushuka, wagonjwa waliongezeka. Daktari Andrew Smith alihudumia wagonjwa 110, na watatu walikufa. Yeye ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la ugonjwa wa kesoni. Wafanyakazi walikuwa na jina lao, bends, lenye maana ya kupinda, kutokana na mtindo wa mavazi ya wanawake wa zama hizo uliowafanya watembee wameinama mbele. Smith alitaka watu watolewe taratibu, dakika 5 kwa kila angahewa moja, na alitambua kwamba mgonjwa akirudishwa kwenye mgandamizo maumivu huondoka. Lakini baada ya zamu, watu waliochoka na kulowa hawakutaka kungoja ndani ya silinda ya baridi. Nani angewalaumu? Hakuna aliyeweza kuwaeleza sababu.

Mwezi Mei 1872, kwenye kina cha mita 24 hivi, Roebling alifanya uamuzi ambao naupa heshima kuliko hesabu zake zote. Mwamba haukuwa umefikiwa sawasawa. Kuufuata kungehitaji kushuka zaidi, na kungewaua watu ambao idadi yao hakuna aliyeijua. Alichunguza mchanga ulioshikamana aliokuwa ameufikia, akaona haujasogea tangu enzi na enzi, akasimamisha uchimbaji. Mnara wa New York umesimama juu ya mchanga huo mpaka leo, na kasha la mbao bado liko chini yake. Yeye mwenyewe aliugua mwaka huo huo asipone kabisa. Mkewe, Emily Warren Roebling, alijifunza hesabu na ufundi wa nyaya, akawa kiungo kati ya mumewe aliyelala na mafundi waliokuwa darajani kwa zaidi ya miaka 10, hadi ufunguzi wa tarehe 24 Mei 1883.

Sababu yenyewe ilikuja kuonyeshwa na Mfaransa Paul Bert mwaka 1878. Mtu akivuta hewa iliyoshindiliwa, naitrojeni nyingi huyeyuka katika damu na mafuta ya mwili. Akitoka polepole, huirudisha kwenye mapafu na kuipumua nje. Akitoka haraka, hugeuka viputo mahali ilipo: kwenye goti, kwenye bega, kwenye uti wa mgongo. Mhandisi Ernest Moir, alipokuta vifo vingi katika kazi ya njia ya chini ya mto Hudson, huko New York, mwishoni mwa miaka ya 1880, aliweka juu ya ardhi tangi la chuma lenye vitanda, mgonjwa akawa anarudishiwa mgandamizo humo na kutolewa taratibu, na vifo vikashuka sana. Mwaka 1908 mwanasayansi John Scott Haldane na wenzake, baada ya majaribio kwa mbuzi, walichapisha majedwali ya kutoka kwa hatua: punguza mgandamizo hadi nusu, ngoja, punguza tena, ngoja. Kila mpiga mbizi anayesimama njiani akipanda juu anafuata mantiki iliyoanzia hapo.

Kesoni zenyewe hazikukoma. Daraja la Forth kule Uskoti, lililofunguliwa mwaka 1890, lina kesoni za chuma zenye kipenyo cha mita 21, na moja yake iliinama na kujaa maji tarehe 1 Januari 1885, ikachukua miezi 10 kuinusuru. Mwaka 1944 makasha ya zege yalivutwa kuvuka mlango wa bahari wa Uingereza na kuzamishwa mbele ya Arromanches, pwani ya Ufaransa, yawe bandari ya muda, na mabaki yake yanaonekana hadi sasa. Chini ya minara ya daraja la Akashi Kaikyo nchini Japani, lililofunguliwa mwaka 1998, kuna kesoni za chuma zenye kipenyo cha takriban mita 80, zilizozamishwa kwenye bahari yenye kina cha mita 60 hivi na kujazwa zege linaloganda ndani ya maji. Kule Ugiriki, daraja la Rio–Antirrio la mwaka 2004 lina misingi yenye kipenyo cha mita 90 iliyokaa tu juu ya tandiko la changarawe, ili tetemeko likija msingi uweze kuteleza kidogo bila kuvunjika. Labelye angelitambua wazo lake hapo, safari hii likiwa na wapimaji wa udongo waliofanya kazi yao.

Katika kesoni hizi kubwa za leo watu hawaingii tena kuchimba. Lakini ziko kazi ambazo bado zinawahitaji, kama kubadilisha meno ya mashine inayotoboa njia chini ya mto, na hapo fundi huingia kwenye hewa iliyoshindiliwa kama wale wa 1870. Tofauti ni wakati wa kutoka. Huketi ndani ya chumba akivuta oksijeni kwa barakoa, huku mtu wa nje akisoma jedwali na kushusha mgandamizo hatua kwa hatua, na hakuna msimamizi mwenye ruhusa ya kumharakisha.

Ninyi mnaoandaa kamusi za ufundi, nina ombi. Mkifika kwenye K, andikeni kesoni kwa maana zake zote: lango la gudi, msingi wa daraja, na ule ugonjwa. Maana ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo iliyogharimu zaidi. Mwenyekiti, sasa nakuachia nafasi. Naona mikono imekwisha kuinuliwa huko nyuma.